Kinga inapougeukia mwili: kazi ngumu ya kupanga magonjwa pwani ya Cabo Delgado

*Sayansi imekuwa ikiyagawa magonjwa ya kinga kujishambulia katika makundi kwa zaidi ya nusu karne. Kaskazini mwa Msumbiji, malaria, chikungunya na maambukizi ya koo huvuruga mipaka ya makundi hayo, na kosa la kupanga huwa kosa la dawa.*

Mgonjwa anapofika kituo cha afya cha Palma au Mocímboa da Praia akiwa na vidole vilivyovimba, magoti mazito asubuhi na uchovu usiokwisha, mhudumu ana angalau majibu matano ya kuchagua. Huenda ni baridi yabisi ya viungo, au lupus, au homa ya rumatiki. Huenda pia ni mabaki ya chikungunya, au virusi vya UKIMWI vimefika kwenye viungo.

Magonjwa mawili ya kwanza ni ya kinga kujishambulia kwa maana kamili: askari wa mwili huishambulia nyama ya mwili wenyewe bila adui wa nje kuonekana. La tatu huanzishwa na bakteria, kisha kinga huendeleza uharibifu baada ya bakteria kuondoka. La nne wataalamu bado wanalibishania. La tano ni maambukizi ya virusi ambayo yenyewe huidhoofisha kinga.

Kila jibu lina dawa yake. Baridi yabisi hutibiwa kwa methotreksati, ambayo hupunguza nguvu ya kinga. Homa ya rumatiki hudai sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne kwa miaka mingi. Mwenye virusi vya UKIMWI anahitaji dawa za kufubaza virusi. Kwa hiyo swali la ugonjwa upi uingie kundi lipi huamua mgonjwa atapewa nini dirishani.

Wazo lililokataliwa kwanza

Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanasayansi wa Ujerumani Paul Ehrlich alishikilia kwamba mwili una namna ya kuzuia kinga yake isiudhuru. Kauli yake ilikuwa na uzito mkubwa, na kwa miongo kadhaa wengi waliona haiwezekani kinga ikamgeukia mwenyewe.

Ushahidi wa kinyume ulikuwepo mapema. Mwaka 1904, Julius Donath na Karl Landsteiner wa Vienna walieleza ugonjwa ambao kingamwili za mgonjwa huvunja chembe nyekundu za damu yake mwenyewe anapopata baridi. Ugunduzi huo ulionekana kama jambo la pekee, ukawekwa kando.

Mambo yalibadilika mwaka 1956. Huko Buffalo, Marekani, Noel Rose na Ernest Witebsky waliwadunga sungura dondoo ya tezi ya shingo, na tezi za sungura hao zikaharibiwa na kinga yao wenyewe. Mwaka huohuo huko London, Ivan Roitt, Deborah Doniach na wenzao walikuta katika damu ya wagonjwa wa Hashimoto, ugonjwa wa tezi ya shingo, kingamwili zinazolenga protini ya tezi hiyohiyo.

Witebsky aliweka masharti ya kuuita ugonjwa kuwa wa kinga kujishambulia. Mwaka 1993, Rose na Constantin Bona waliyapanga upya katika ngazi tatu za ushahidi. Ya juu kabisa ni ushahidi wa moja kwa moja, yaani kuhamisha kingamwili au seli za kinga kutoka kwa mgonjwa na ugonjwa ukahama nazo. Ya pili ni kuzalisha ugonjwa huo kwa wanyama. Ya tatu ni dalili za mazingira, kama vile ugonjwa kuandama ukoo mmoja au kutulia mgonjwa anapopewa dawa za kupunguza kinga.

Magonjwa mengi yanayotajwa kwenye orodha leo yamesimama kwenye ngazi ya pili na ya tatu. Ndiyo maana orodha yenyewe hurefuka na kufupika kadiri utafiti unavyosonga.

Kiungo kimoja au mwili mzima

Mgawanyo wa kwanza, na ndio unaofundishwa zaidi, huuliza mahali: kinga inashambulia wapi?

Upande mmoja kuna magonjwa ya kiungo kimoja. Hashimoto na Graves hulenga tezi ya shingo. Kisukari cha aina ya kwanza hulenga seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Miastenia hulenga mahali neva inapokutana na msuli, na mgonjwa huanza kwa kulegea kope. Mbalanga hulenga seli zinazoipa ngozi rangi.

Upande wa pili kuna magonjwa ya mwili mzima. Lupus ndiyo mfano mkuu: ngozi, viungo, figo, damu na ubongo vyote vinaweza kuguswa, na takriban wagonjwa tisa kati ya kumi ni wanawake. Ugonjwa wa kukakamaa ngozi, unaoitwa skleroderma, umo humohumo.

Roitt na Doniach hawakuchora ukuta kati ya pande hizi. Walizipanga kwenye mstari mmoja, Hashimoto ikiwa ncha moja na lupus ncha nyingine. Baridi yabisi ya viungo husogea upande wa lupus: huanzia viungoni, lakini inaweza kufika mapafu, macho na mishipa ya damu.

Pwani ya Cabo Delgado mgawanyo huu unakutana na jaribio la ngozini. Msumbiji bado hupata wagonjwa wapya wa ukoma, na mikoa ya kaskazini ni miongoni mwa inayoguswa. Baka la ukoma na baka la mbalanga huweza kuchanganywa na jirani, hata na mhudumu asiye na uzoefu.

Kipimo chake hakihitaji maabara. Baka la mbalanga huwa jeupe kabisa na mguso husikika kama kawaida. Baka la ukoma hupauka au kuwa jekundu kidogo, na mara nyingi hufa ganzi: unyoya wa kuku au ncha ya pamba ikipitishwa juu yake mgonjwa hahisi. La kwanza ni la kinga. La pili ni la bakteria, na hupona kwa mchanganyiko wa vidonge unaotolewa bure kwa miezi 6 au 12.

> Unyoya wa kuku unaweza kutenganisha ugonjwa wa kinga na ugonjwa wa bakteria pale ambapo hakuna maabara.

Silaha inayotumika

Mgawanyo wa pili huuliza silaha. Mwaka 1963, Waingereza Philip Gell na Robin Coombs waligawa madhara ya kinga katika njia nne. Ya kwanza ni ya mzio, kama pumu na vipele vya samaki, na kwa kawaida haihesabiwi humu. Tatu zinazobaki ndizo zinazobeba magonjwa ya kinga kujishambulia.

Katika njia ya pili, kingamwili hunata moja kwa moja kwenye seli. Miastenia na Graves ziko hapa, ingawa Graves ina ajabu yake: kingamwili haiui tezi, bali huichochea ifanye kazi kupita kiasi. Katika njia ya tatu, kingamwili hushikana na chembe nyingine kwenye damu, mafungu hayo yakaenda kukwama kwenye figo na mishipa midogo. Ndivyo lupus inavyoua figo. Katika njia ya nne, seli za kinga zenyewe huingia kwenye kiungo na kuua, kama zinavyofanya kwenye kongosho la mtoto mwenye kisukari.

Mwaka 2006, Dennis McGonagle na Michael McDermott walipendekeza mstari mwingine. Ncha moja waliweka magonjwa ambayo kinga ya asili, ile isiyochagua adui, huwaka yenyewe na kuleta homa za kurudiarudia. Ncha nyingine wakaweka magonjwa ya kinga inayochagua na kukumbuka adui, yale yenye kingamwili. Magonjwa mengi yakaangukia katikati.

Mgawanyo wa mahali humsaidia daktari kujua kiungo cha kuchunguza. Mgawanyo wa silaha humsaidia kuchagua dawa. Hakuna mmoja unaotosha peke yake.

Pointi zilizopangwa mbali

Kwa kazi ya utafiti, vyama vya wataalamu wa viungo vya Marekani na Ulaya vimetunga hesabu za pointi. Kwa lupus, vigezo vya 2019 vinadai kwanza mgonjwa awe amewahi kukutwa na kingamwili dhidi ya kiini cha seli kwa kiwango cha angalau 1:80. Baada ya mlango huo, dalili hupewa pointi, na anayefikisha 10 huingizwa kwenye kundi.

Watunzi wenyewe wamesisitiza kwamba vigezo hivi ni vya kuwapanga wagonjwa kwenye utafiti, si vya kutambua ugonjwa wa mtu mmoja. Hata hivyo, penye uhaba wa mabingwa, hesabu ya pointi hugeuka kuwa hukumu.

Tatizo la pwani hii ni mlango wenyewe. Malaria huichochea kinga itengeneze kingamwili za kila aina, zikiwemo zinazolenga kiini cha seli na zile zinazoitwa faktori ya rumatoidi, zinazopimwa kwa baridi yabisi. Kaskazini mwa Msumbiji ni eneo la malaria nyingi. Kipimo chanya hapa hakina uzito uleule kilicho nao Ulaya.

Kuna upande wa pili wa hoja hii. Mwaka 1968, daktari Brian Greenwood, aliyefanya kazi Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba baridi yabisi na lupus zilionekana kwa nadra miongoni mwa wagonjwa wa huko. Alipendekeza kuwa vimelea vya utotoni huenda vinaizoeza kinga isijigeuke. Mwaka 1970, yeye na wenzake walionyesha kwamba panya wa maabara wanaopata ugonjwa unaofanana na lupus hukingwa kwa kuambukizwa malaria.

Wanaompinga hawakatai panya wake. Wanasema uhaba wa wagonjwa Afrika unatokana pia na uhaba wa watu na vifaa vya kuwatambua. Mwanamke anayefariki kwa figo kushindwa kijijini bila kupimwa hataingia kwenye hesabu yoyote ya lupus. Hoja hizi mbili zinaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Chikungunya yavuka mpaka

Chikungunya, ugonjwa unaovuruga hesabu kuliko yote, ilitambuliwa kwa mara ya kwanza ng'ambo ya mto Ruvuma. Mwaka 1955, Marion Robinson na W.H.R. Lumsden walichapisha maelezo ya mlipuko wa 1952 na 1953 katika nyanda za Wamakonde, upande wa Newala, Tanganyika. Nyanda za Mueda, zinazoitazama pwani ya Cabo Delgado, ziko upande wa pili wa mto huohuo.

Virusi hivyo huenezwa na mbu wa Aedes, anayezaliana kwenye mapipa, vifuu na matairi karibu na nyumba. Mbu huyohuyo hubeba dengi, iliyolipuka Pemba na Nampula mwaka 2014.

Mwaka 2004 chikungunya ilipita Lamu, ambako uchunguzi wa damu ulikadiria kuwa asilimia 75 ya wakazi waliambukizwa. Mwaka uliofuata ilifika Ngazija, kisha Réunion, ambako takriban theluthi moja ya watu wa kisiwa waliugua.

Wengi hupona ndani ya wiki chache. Kwa baadhi, maumivu ya viungo huvuka miezi mitatu na kuingia hatua sugu, na hapo ndipo kupanga kunapokuwa kugumu.

Vigezo vya baridi yabisi vya 2010 hudai pointi 6 kati ya 10. Anayeumwa viungo zaidi ya kumi, vikiwemo vidogo vya mikononi, hupata pointi 5. Maumivu yakifikisha wiki sita huongeza 1. Mgonjwa wa chikungunya sugu anaweza kufikisha 6 bila kingamwili yoyote ya baridi yabisi. Utafiti wa Marekani wa 2015 uliwafuatilia watu kumi waliorudi kutoka Haiti na chikungunya: wanane walitimiza vigezo hivyo.

> Pointi 5 za viungo na pointi 1 ya muda: virusi vya mbu vimeingia kwenye kundi la baridi yabisi.

Vigezo vyenyewe vina kinga dhidi ya kosa hili: vinataka ugonjwa mwingine unaoeleza dalili uondolewe kwanza. Lakini kuuondoa kunahitaji kipimo cha chikungunya, au mhudumu anayeuliza iwapo homa kali ilitangulia na iwapo majirani nao waliugua.

Kuhusu kinachoendeleza maumivu hayo, kambi moja ya watafiti inasema virusi, au mabaki yake, hujificha viungoni na kuendelea kuichochea kinga. Nyingine inasema virusi huondoka na kinga hubaki ikijishambulia. Utafiti wa Colombia wa 2018 ulichota majimaji ya viungo vya wagonjwa sugu karibu miaka miwili baada ya homa, na haukukuta chembe za urithi za virusi. Matokeo hayo yaliipa nguvu kambi ya pili bila kumaliza ubishi, kwa kuwa virusi vinaweza kujificha kwenye nyama badala ya majimaji.

Moyo unaoliwa kimyakimya

Kwa upande wa moyo, sababu haina ubishi mkubwa. Homa ya rumatiki huanza na maambukizi ya koo ya bakteria wa streptokoka. Protini iliyo juu ya bakteria hao inafanana na protini za moyo, na kinga iliyojifunza kumpiga mmoja humpiga na mwingine. Mashambulizi yakirudiwa, valvu za moyo hukakamaa na kushikana au kushindwa kufunga.

Hivyo ugonjwa huu una makazi mawili. Kwa chanzo ni wa maambukizi, na kwa utendaji ni wa kinga kujishambulia. Orodha nyingi za nchi tajiri huupitia haraka, kwa sababu kwao umekuwa nadra.

Msumbiji ilisaidia kubadilisha vipimo vyake. Mwaka 2007, jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha uchunguzi wa wanafunzi 2,170 wa Msumbiji, sambamba na wengine wa Kambodia. Kwa kusikiliza moyo kwa stetoskopu, walithibitishwa watoto 5. Kwa picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, wakapatikana 66, yaani takriban 30 kwa kila 1,000.

Vigezo navyo vililazimika kufuata. Masharti ya Jones ya kutambua homa ya rumatiki, yaliyotungwa Marekani mwaka 1944, yalirekebishwa mwaka 2015 kwa kuigawa dunia mara mbili. Penye wagonjwa wachache, homa huhesabiwa kuanzia nyuzi 38.5 na viungo kadhaa lazima vivimbe ili kuwa dalili kubwa. Penye wagonjwa wengi, homa huanzia nyuzi 38, na hata kiungo kimoja kilichovimba kinatosha. Hapa wataalamu walikiri rasmi kwamba kigezo cha ugonjwa wa kinga hutegemea mahali mgonjwa anapoishi.

Manufaa ya kuugundua mapema kwa picha ya moyo yalionekana Uganda. Watoto 818 waliokutwa na dalili za mwanzo kwenye picha ya moyo waligawanywa makundi mawili. Baada ya miaka miwili, ugonjwa ulikuwa umesonga kwa asilimia 0.8 ya waliodungwa penisilini kila mwezi, na kwa asilimia 8.2 ya wasiodungwa.

Kisukari chapasuka

Kisukari cha aina ya kwanza kilionekana kuwa mfano safi wa ugonjwa wa kinga. Mwaka 2025, utafiti uliofanyika Kameruni, Uganda na Afrika Kusini ulitikisa uhakika huo. Kati ya washiriki 894 waliougua wakiwa vijana na kuhesabiwa kuwa wa aina ya kwanza, asilimia 65 hawakuwa na kingamwili za kongosho zinazojulikana.

Mwaka huohuo, Shirikisho la Kimataifa la Kisukari lilitangaza kuitambua aina ya tano, inayotokana na utapiamlo wa muda mrefu. Shirika la Afya Duniani liliwahi kuwa na kundi la namna hiyo mwaka 1985, kisha likaliondoa mwaka 1999. Wanaounga mkono wanasema wagonjwa wembamba wasio na kingamwili wanahitaji kundi na dozi yao. Wanaotilia shaka wanataka ushahidi zaidi kwamba njaa yenyewe ndiyo chanzo.

Mzozo huu haubadilishi jambo moja: anayehitaji insulini na kuikosa hufa. Tathmini iliyofanyika Msumbiji mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilikadiria kuwa mtoto aliyegundulika na kisukari cha aina ya kwanza angeweza kuishi karibu mwaka mmoja tu.

Gharama ya kukosea

Hatari ya kupanga vibaya ni ya pande zote. Mgonjwa wa kifua kikuu cha viungo akidhaniwa ana baridi yabisi na kupewa steroidi, kinga hushuka na kifua kikuu husambaa. Mgonjwa wa lupus akitibiwa malaria kila homa inapopanda, figo hufa taratibu. Mtoto mwenye homa ya rumatiki akiambiwa "viungo vinakua", hurudi miaka kumi baadaye akihema. Upasuaji wa valvu hufanyika Maputo, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Palma, au Dar es Salaam katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Vita vya Cabo Delgado vimeongeza uzito wa tatizo hili. Tangu shambulio la Mocímboa da Praia la tarehe 5 Oktoba 2017 na lile la Palma la Machi 2021, vituo vingi vya afya viliharibiwa au kufungwa, na waliohama makazi walizidi milioni moja. Kimbunga Kenneth cha 2019 na Chido cha Desemba 2024 vilibomoa zaidi. Watu wakibanana kambini, maambukizi ya koo huenea upesi. Anayehama huku na kule hukatiza sindano zake na hupoteza kadi yake ya matibabu.

> Kadi ya hospitali iliyopotea ni historia ya ugonjwa iliyopotea, na bila historia hakuna kigezo kinachofanya kazi.

Mpangilio unaofaa pwani hii, basi, ni ule unaoanza na maambukizi. Malaria, virusi vya UKIMWI, kifua kikuu, ukoma na chikungunya vichunguzwe au viulizwe kwanza, ndipo hesabu ya pointi ifuate. Vigezo vya Jones vilirekebishwa kwa ajili ya maeneo kama haya. Vya lupus na baridi yabisi navyo vinastahili kupimwa upya penye malaria na chikungunya.

Kwa mwananchi, mambo manne yanatosha kukumbukwa. Mtoto mwenye koo linalouma na homa apelekwe kituo cha afya, asiachiwe maji ya chumvi peke yake. Baka lililokufa ganzi lionyeshwe mapema. Maumivu ya viungo yaliyovuka wiki sita yasizimwe kwa vidonge vya dukani. Na anayedungwa penisilini kila mwezi asiache hata akijisikia mzima, kwa kuwa valvu iliyoharibika hairudi kuwa kama zamani.